Hatulipi giza: maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa Katuba, Lubumbashi, juu ya fakitire ya umeme

Aksanti kwa kuacha kazi zenu na kuja kukaa hapa pa jua. Tunajua siku ya posho ni siku ya kufua, siku ya soko, siku ya kilio. Hatutawashika mpaka mangaribi. Lakini tunaomba kila mtu abaki mpaka mwisho, juu hili jambo halina mwenyewe mmoja. Ni la wote wenye tuko na waya unaopita juu ya nyumba.

Kila mmoja wenu amekuja na karatasi mkononi, vile tuliwaomba. Iangalieni kwanza. Angalieni chini, fasi wameandika jumla. Mwezi wa 8 ilikuwa imeandikwa falanga 24,000. Mwezi wa 9 imeandikwa 43,500. Katikati ya hiyo miezi miwili, nani hapa aliongeza frigo? Nani alinunua klimatizeri? Mmoja ameinua mkono kule nyuma, anacheka. Sawa. Tucheke kidogo, juu tukianza kulia hatutamaliza.

Kampuni yenye kutuletea umeme hatutaitaja jina leo. Si kwamba tunaogopa. Kila mtu hapa anajua njia ya biro yao, na wao wanajua njia ya milango yetu. Hatuitaji juu kesi yetu si kesi ya jina, ni kesi ya hesabu. Kesho kampuni inaweza kubadilisha jina, hesabu itabaki vilevile.

Tueleze kwanza nini tulifanya, juu kuko watu wanasema vijana wa muvuma kazi yao ni kupiga kelele tu.

Mwezi wa 4, mbele ya bei kupanda, tuliona umeme unapungua. Tulinunua makaye, tukapana moja kwa kila avenue, kwa avenue ine. Katika kila avenue tuliomba mtu mmoja mwenye kuaminika, mara nyingi mama mwenye anashinda nyumbani, aandike: umeme umekuja saa ngapi, umeenda saa ngapi. Basi. Hakuna siasa ndani yake. Mwezi wa 4 uko na siku 30, maana yake masaa 720. Kaye zetu zinaonyesha tulipata umeme masaa 390. Mwezi wa 9 pia uko na siku 30, masaa ni yaleyale 720. Safari hii tulipata masaa 212. Gawanyeni kwa siku 30: ni masaa saba kwa siku, na kidogo juu yake. Na ni masaa gani hayo? Ni usiku, wakati watu wamelala, mpaka jogoo anawika. Umeme wetu siku hizi uko kama mwizi. Unaingia wakati tumelala, unatoka mbele hatujaamka.

Sasa tufanye hesabu pamoja, pole pole. Mwezi wa 4 ulilipa 24,000 kwa masaa 390. Saa moja ya umeme ilikugharimu kama falanga 62. Mwezi wa 9 wanakuomba 43,500 kwa masaa 212. Saa moja inakugharimu falanga 205. Kwa hiyo usiseme bei imepanda karibu mara mbili. Ukiangalia kitu chenye ulipata kweli, bei imepanda zaidi ya mara tatu. Njo maana tunasema: ku karatasi wameongeza bei ya umeme, lakini mu nyumba wameuzisha giza.

Tulienda mbele. Tulipita lupango kwa lupango tukaomba kuona fakitire. Watu 118 walitufungulia mlango na kutuonyesha karatasi za miezi miwili. Tunawashukuru, juu kuonyesha fakitire yako kwa jirani ni kama kumuonyesha ndani ya chungu chako. Na tuliona nini? Karibu zote zimepanda, na zimepanda kwa kiasi kimoja: falanga 19,500. Nyumba yenye kuko taa mbili na simu za kuchaji, 19,500. Nyumba yenye frigo mbili na pompi ya maji, 19,500. Tuliona nyumba moja imefungwa kufuli tangu mwezi wa 2, juu mwenyewe alikufa na watoto wako mbali. Fakitire ilisukumwa chini ya mlango. Imepanda 19,500. Tuliona mama mmoja mjane, waya wake ulikatwa mwezi wa 6 na haujarudishwa mpaka leo. Naye amepanda 19,500. Tunauliza: huyu marehemu anawasha nini?

Hapo njo tunafika ku roho ya jambo. Hii si kosa la mtu mmoja mwenye kuandika vibaya. Ni namna yenyewe ya kuhesabu. Wengi wetu hatuna kontere, kile kisanduku cha kuhesabu umeme wenye mtu ametumia. Tunalipa forfe. Forfe maana yake ni hii: kampuni inakaa mu biro, inakadiria, inasema «nyumba ya namna hii inatumia kiasi hiki», na kila mwezi unalipa kile kiasi, utumie au usitumie. Tulienda kuuliza ku gishe. Ajenti, na alikuwa muntu mzuri tu, alitujibu hivi: «Forfe inahesabiwa kama vile courant inafika kila siku.» Tulimuuliza: «Na kama haifiki?» Akanyamaza. Kisha akasema: «Mimi ni muntu wa kazi tu, ndugu zangu.»

Tunamuelewa. Lakini jibu lake linatufundisha kitu. Forfe ni makubaliano. Wao walikadiria, sisi tukakubali kulipa bila kupima, kwa sharti kwamba umeme utafika. Kama umeme haufiki, sharti limevunjika upande wao. Na mtu mwenye amevunja sharti hawezi kuwa njo yeye anapandisha bei, peke yake, bila barua, bila mkutano, bila kusema sababu, halafu anatuma vijana na ngazi kukata waya.

Tunajua watajibu nini, na tunataka kuwa wa haki. Watasema: mitambo imezeeka. Ni kweli. Mwadingusha ku Lufira inafanya kazi tangu 1930. Nzilo na Nseke ku Lualaba ni za miaka ya 1950. Zilijengwa kwa ajili ya kiwanda cha shaba, hazikujengwa kwa ajili ya Katuba. Watasema: mwisho wa kiangazi maji yanapungua. Ni kweli pia. Watasema: kuko watu wanaiba kebo. Ni kweli, na wezi hao tunawajua, wanalala kati yetu. Watasema: kuko malupango yameunganishwa usiku bila kuandikwa popote. Ni kweli, na hatutaficha. Hata hapa kwenye mkutano kuko watu wanaangalia chini sasa hivi.

Lakini hakuna hata moja ya hizo sababu yenye kueleza 19,500 ya nyumba yenye kufuli. Kama mashini imezeeka, mutuambie gharama ya kuitengeneza ni ngapi na sisi tunachanga ngapi. Kama maji yamepungua, basi mumetuuzia kidogo, mutuombe kidogo. Ku soko ya hapa, mama akiwa na unga kidogo anajaza kopo nusu na anaomba bei ya nusu. Anaweza kupandisha bei ya kopo, sawa, na ataitangaza mbele ya wote, na wewe utakuwa huru kwenda kwa mwingine. Lakini hakuna mama wa soko mwenye anakupa kopo tupu, anakuomba bei ya makopo mawili, na ukikataa anakufuata mpaka nyumbani kuchukua chungu.

Na tuseme jambo lingine lenye linauma wazee wetu. Hii inchi haina upungufu wa maji ya kutoa umeme. Inga ya kwanza ilianza 1972, iko na megawati 351. Inga ya pili ilianza 1982, iko na megawati 1,424. Kutoka Inga mpaka Kolwezi walivuta laini ya kilometa karibu 1,700, inapita juu ya vijiji na vijiji vyenye havina hata taa moja, juu ilikuwa na safari yake: kufika ku machimbo. Mpaka leo sehemu kubwa ya umeme wa huku kwetu inaenda ku machimbo. Hatuchukii machimbo. Baba zetu walifanya kazi kule, na wengi wenu mulikomea shuleni kwa posho ya kule. Tunasema tu: mtoto wa mchimba shaba asifundishwe kwamba umeme ni kitu cha kuomba kwa magoti.

Juu si cha kuomba kwa magoti. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kupata maji safi na nguvu ya umeme inahakikishwa. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 2014 inapanga sekta ya umeme, na ilianzisha mamlaka ya kusimamia, yenye tunaita ARE. Kati ya kazi zake ni kulinda mtumiaji wa umeme na kuangalia mambo ya bei. Kwa hiyo, mtu akikuambia «bei ni yetu, tunapanga vile tunataka», mujibu kwa heshima: «Tuonyeshe karatasi yenye imekupa ruhusa.» Ndilo swali letu la kwanza, na mpaka leo hatujapewa jibu. Kama kuko uamuzi wa serikali wenye umepandisha forfe, waubandike ku mlango wa biro, tuusome. Kama hauko, basi ile 19,500 haiko na baba wala mama.

Hapa tunapenda kuzungumza na wale wenye hasira. Tuliwasikia wiki iliyopita, pale karibu na kabini. Mmoja alisema: «Tuache kulipa sisi wote, na wakikuja na ngazi, tuwapige mawe.» Mwingine alisema: «Tuchome biro, wataelewa.» Tunawaelewa. Hata sisi tulikuwa na mjadala mkali kati yetu, mpaka usiku, na haukuisha vizuri kwa kila mtu. Tuwaeleze kwa nini tulichagua njia nyingine.

Ya kwanza, wale vijana wa ngazi ni watoto wa hapahapa. Mmoja wao mama yake anauzisha makala pale kwenye kona. Ukimpiga jiwe, umepiga jirani. Wenye waliandika 43,500 hawapandagi ngazi.

Ya pili, biro ikichomwa, ni makaratasi gani yatawaka? Ni risiti zenu. Ni zile alama zenye kuonyesha kwamba mulilipa. Kesho mutaambiwa muko na madeni ya miaka mitano, na hamutakuwa na kitu cha kujibu.

Ya tatu, tukiacha kulipa kabisa, tunawapa kile wanakosa leo: sababu. Leo hawana sababu ya kutukata. Kuko wenzetu walisema: tulipe sawasawa na masaa tu. 24,000 ni ya masaa 720, kwa masaa 212 tulipe falanga 7,067, bila kuongeza hata moja. Hiyo hesabu iko sawa, na siku moja tutaidai kwa njia ya sheria. Lakini leo tunasema: tulipe ile ya zamani, 24,000, kwa siku, kwa saa, na tukatae 19,500 kwa maandishi. Hivyo mbele ya meya, mbele ya ARE, mbele ya jaji kama ni lazima, mkono wetu utakuwa safi. Watu wa Katuba wanalipa. Wanakataa tu kuibiwa. Hii si woga, wandugu. Kulipa kitu chenye haupati vizuri na bado kusimama wima kuuliza yako, hiyo inaomba moyo kuliko kutupa jiwe.

Na kusema moyo, tuseme pia hili. Mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 22, alilala kasho usiku mmoja juu ya zile kaye. Walimkuta anapita kuandika masaa. Wakamwambia anachochea watu. Asubuhi walimuachilia, wakabaki na kaye. Kosa lake lilikuwa kuandika saa ambayo taa imezima. Tulienda kumngoja nje, wamama watatu wa avenue yake walikuwa wamefika mbele yetu na uji. Alipotoka aliuliza kitu kimoja: «Usiku huu courant ilikuja saa ngapi?» Mama mmoja akamwambia. Alikuwa ameiandika ku mkono, na biki. Ile kaye waliyobaki nayo, tulikuwa tumeshaipiga picha. Hesabu haikupotea.

Tunaeleza hii juu mujue: mtu akikuambia kuandika ni kosa, jua umeandika kitu cha kweli.

Sasa tuongee kuhusu nani anaumia, juu mu biro wanaona nambari, hawaoni watu. Kuko mama mwenye aliuzisha samaki ya baridi kwa miaka tisa. Frigo yake leo ni kabati ya nguo. Kuko fundi wa kuchomelea milango ya chuma, sasa anafanya kazi usiku wakati umeme unafika, na majirani hawalali juu ya kelele, wanagombana naye kila asubuhi. Walikuwa marafiki. Kuko mwenye mashini ya kusaga, anawasha grupu, anapandisha bei ya kusaga, na bukari inapanda bei mu nyumba zote. Kuko wapangaji: lupango moja, familia tano, fakitire moja. Zamani kila mmoja alitoa 4,800, sasa 8,700. Mwenye lupango anasema si kosa lake, mpangaji anasema hana, na wanaacha kusalimiana. Na wote hao, bila umeme, wanapika na makala. Kila gunia la makala ni mti umeanguka mu pori. Wazee wenye wanakumbuka pori lilianza fasi gani wakati wao wanajua tunasema nini.

Na kabini? Mara ile iliungua, nani alichanga? Ni sisi. Kila lupango ilitoa yake, tukanunua kebo, tukalipa hata gari ya kuleta mafundi. Siku ilipowekwa, ikaitwa mali ya kampuni. Sawa, tuko tayari iwe mali yao. Lakini pesa zetu ziandikwe mahali. Hatujawahi kuona hata falanga moja ya ule mchango ikitolewa ku fakitire.

Basi, tunaomba nini? Mambo ni matano, na tumeyaandika mu barua yenye mutatia sahihi leo.

Moja: fakitire zirudi kwa bei ya zamani mpaka kampuni ionyeshe kwa maandishi ni uamuzi gani umepandisha forfe, umechukuliwa na nani, tarehe gani.

Mbili: nyumba zenye zimefungwa na zenye zimekatwa ziondolewe ku fakitire, na mwenye alishalipa ile 19,500 ihesabiwe ku miezi yenye inakuja.

Tatu: ratiba ya kukata umeme ibandikwe ku komini na ku shefu wa kartie, tujue ni siku gani na ni saa gani, na masaa yenye hayakufika yapunguzwe ku bei.

Ine: kila lupango ipate kontere, kwa mpango na tarehe. Mwenye anatumia kingi alipe kingi, mwenye anatumia kidogo alipe kidogo. Na wale wenye wameunganishwa kwa siri wapewe nafasi ya kujiandikisha bila kufungwa, juu wengi walikimbilia siri kwa sababu kujiandikisha kulikuwa kunaomba pesa ya chini ya meza.

Tano: michango yetu ya kabini itambuliwe kwa maandishi.

Na ninyi, tunawaomba nini? Sikilizeni vizuri, juu kazi iko hapa.

Mukifika nyumbani, tafuteni fakitire zote na risiti zote, muziweke pamoja, mbali na panya na mbali na mvua. Muzipige picha na simu. Msimpe mtu pesa mkononi, hata akivaa ile gile ya kampuni, hata akisema atarudisha risiti kesho. Lipeni ku gishe, au kwa simu mahali inawezekana, na mubakie na ujumbe wa simu. Mukipeleka barua, mupeleke karatasi mbili zenye kufanana: moja inabaki kule, nyingine inarudi na muhuri na tarehe. Barua bila muhuri ni kama hamukuipeleka. Wakikataa kutia muhuri, msigombane. Rudini na mashahidi wawili, muandike jina la biro, siku na saa.

Wakikuja kukata na hamuna deni la ile 24,000, muonyesheni risiti na nakala ya barua. Muombe karatasi ya amri ya kukata. Wakikata kwa nguvu, msishike ngazi, msishike mtu. Pigeni picha ya waya, na mutuite. Tutakuja, usiku hata mchana.

Na kaye iendelee. Safari hii si avenue ine. Tumeleta makaye ishirini, yako pale kwenye meza. Mwenye kuchukua anatuachia jina lake na anaapa kwamba ataandika ukweli tu. Ukisahau siku moja, acha pabaki peupe. Usijaze kwa kukisia. Kama tunakisia na sisi, tutakuwa tunafanya forfe yetu wenyewe.

Barua hii itaenda kwa kampuni, nakala kwa meya, nakala kwa gavana, nakala kwa ARE. Na tunaifanya kuwa petisho. Katiba, kifungu cha 27, inasema kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia serikali petisho, na serikali inajibu ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu, tutaihesabu siku kwa siku, vile tulihesabu masaa. Isipojibu, tutaenda mbele ya biro ya gavana kwa miguu, kwa utulivu, kila mtu na bujii moja mkononi, bila jiwe, bila fimbo. Kifungu cha 26 kinatuomba kumjulisha mkubwa wa mji kwa maandishi. Tutamjulisha kwa maandishi. Na muhuri.

Wazee, mwisho. Mmoja wenu alituuliza asubuhi, mbele ya mkutano: «Bana, munafikiri watawasikia? Sisi tulilalamika tangu zamani.» Ni swali la haki, na hatutamdanganya. Hatujui kama watatusikia mwezi huu. Lakini zamani kila mmoja alilalamika mu nyumba yake, mu giza lake, akifikiri ni yeye peke yake alipandishiwa. Leo tumeweka karatasi 118 ku meza moja na tumeona nambari ni ileile. Hicho kitu hakiwezi kufungwa tena. Hata umeme ukizimika usiku huu, na utazimika, tutajua wote ni saa ngapi, juu mama fulani ataamka, atatafuta biki mu giza, ataandika.

Foleni ya kutia sahihi inaanza hapa ku meza. Wamama wenye watoto mgongoni na wazee wapite mbele. Mwenye hajui kuandika, tuko na wino wa kidole. Tunakutana tena siku ya posho yenye inakuja, hapahapa, saa ileile. Mulete fakitire.